Mpangaji na Taa za Nyumba Isiyo Yake

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetuagiza tuseme nanyi kwa muda mfupi juu ya taa na umeme katika nyumba za kupanga. Sisi si mafundi wa umeme; kazi yetu ni ya ukarani. Lakini tumekaa katika vyumba vya kupanga hapa Nairobi tangu tulipotoka shuleni, na wengi wenu mwakaa humo vile vile. Mambo tutakayoyataja tumeyaona kwa macho yetu, na mengine tumejifunza kwa hasara.

Hasara yenyewe ni hii. Soketi moja ya chumba chetu ilianza kupata moto kila tulipochomeka pasi. Baadaye ikaonyesha alama ya rangi ya kahawia pembeni, kisha ikatoa harufu kama ya samaki aliyeharibika. Tulimwambia msimamizi wa nyumba mara tatu, tukiwa tumesimama mlangoni, naye kila mara alijibu kwamba atamfikishia mwenye nyumba habari. Usiku mmoja soketi ikawaka, ikaunguza pazia na godoro la watoto. Twamshukuru Mungu kwamba watoto walikuwa hawajalala. Tulipotaka tulipwe, mwenye nyumba alisema hakuambiwa neno lo lote, tena akakata gharama ya kupaka ukuta rangi katika amana yetu. Hatukuwa na hata mstari mmoja wa kumwonyesha. Mtu aandikaye barua za watu wengine kutwa nzima hakuwa ameandika barua moja juu ya chumba alalamo watoto wake! Wazee husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuliijua methali hiyo tangu utoto, lakini siku ile ndipo tulipoifahamu.

Wala sisi wenyewe hatukuwa bila kosa. Katika soketi ile ile tulikuwa tukichomeka ekstensheni, na juu yake birika la umeme na pasi kwa pamoja. Hebu tufanye hesabu. Umeme wa majumbani hapa Kenya ni volti 240, na plagi zetu za miguu mitatu hazistahili kupitisha zaidi ya ampea 13. Zidisha, utapata wati 3,120. Birika lilikuwa la wati 2,000 na pasi wati 1,200, jumla 3,200. Mzigo ulikuwa umekwisha pita kiasi, na soketi ilikuwa imelegea ndani. Waya uliolegea hupata moto mahali pale pale penye ulegevu, hata kama mzigo ni mdogo. Kwa hiyo kosa lilikuwa la watu wawili, nasi tulistahili kulijua lililo letu na lililo la mwenziwe.

Basi, ndugu zetu, neno tulilo nalo leo ni moja: mpangaji ajue mpaka wa mkono wake.

Upande wa mpangaji ni huu. Kwanza, balbu. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila siku kwa siku 30, hula yuniti 9. Balbu ya LED ya wati 9, ambayo mwanga wake wakaribia kuwa sawa, hula yuniti 1.35 tu kwa muda huo huo. Tena balbu ni mali yako. Ukihama, waweza kuhama nayo. Unapoibadili, usitosheke kuzima swichi ya ukutani. Katika nyumba nyingine fundi asiye hodari huiweka swichi katika waya usiostahili, taa ikazimika lakini umeme ukabaki juu katika holda. Zima swichi kuu, ingoje balbu ipoe, kausha mikono, simama juu ya kitu kikavu na imara, ndipo uiguse.

Pili, fyuzi iliyo ndani ya plagi. Redio au taa ya mezani yatosha fyuzi ya ampea 3. Pasi na birika hutaka ya ampea 13. Fyuzi ni mlinzi ambaye hufa ili nyumba isife. Anayeweka msumari au karatasi ya sigara mahali pake amemfukuza mlinzi na kuufungua mlango. Ikiwa fyuzi mpya yaungua tena, usiweke ya tatu. Chombo chenyewe kina ugonjwa.

Tatu, ekstensheni. Usiipitishe chini ya zulia au godoro, wala usiitumie ikiwa imekunjwa kama kamba, kwa maana joto lake halina pa kutokea. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Pasi, birika na jiko la umeme vichomekwe ukutani, kimoja kimoja.

Nne, mita. Ikiwa tokeni zako zakwisha upesi kuliko kawaida, zima na uchomoe kila kitu chumbani, kisha itazame ile taa ndogo ya mita. Ikiendelea kumeta kama kawaida, yawezekana waya una hitilafu, au yuko mtu avutaye umeme katika mita yako. Usimshuku jirani kwa maneno. Mwite mwenye nyumba atazame pamoja nawe.

Mkono wa mpangaji wakoma hapo. Waya zilizo ukutani, soketi, swichi, na swichi kuu ni kazi ya mwenye nyumba na fundi wake. Fundi huyo yampasa awe na leseni ya EPRA, ile Mamlaka isimamiayo kawi na mafuta ya petroli. Mwombe akuonyeshe leseni, wala si utovu wa adabu. Wengine hujidai kwamba wazijua rangi za waya. Katika nyumba kongwe waya wenye moto ni mwekundu na ule wa kurudisha ni mweusi. Katika nyumba mpya wenye moto ni wa kahawia na wa kurudisha ni wa buluu. Katika nyumba iliyotengenezwa nusu nusu utakuta zote, na rangi peke yake haimwokoi mtu.

Dalili za hatari ni hizi: soketi yenye joto, alama ya kuungua, harufu mbaya, mlio kama wa mafuta yakaangwayo, taa inayochezacheza, na bomba la maji linalokutekenya mkono. Ukiona hata moja, acha kutumia mahali hapo siku hiyo hiyo. Mtu akinaswa na umeme usimshike; zima swichi kuu kwanza, au mwondoe kwa mti mkavu, kisha apelekwe hospitali hata kama anasema. Moto wa umeme haumwagiwi maji.

Kisha andika. Wazee husema, usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini mpangaji atazibaje ufa wa ukuta wa mwenziwe? Ataziba kwa kalamu. Taja tarehe, namba ya chumba, ulichokiona na siku ulipokiona, na uombe fundi mwenye leseni. Piga picha kwa simu. Weka nakala, na anayeipokea barua atie sahihi katika nakala yako. Kama umepeleka habari kwa simu, usiufute ujumbe huo.

Twajua wengine wananong'ona: nikiandika nitafukuzwa. Hofu hiyo si ya bure, nasi pia tulikuwa nayo. Ndiyo maana twashauri barua iwe ya adabu, na wapangaji wa ploti moja waitie sahihi pamoja. Vigumu kumfukuza mmoja kwa neno lililosemwa na kumi. Katika chumba tukaacho sasa tumefanya hivyo, na soketi mbili zilibadilishwa kabla mwezi haujaisha.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, twatoa ahadi mbele ya mkutano huu. Mwanachama asiyeweza kuandika barua ya namna hiyo, au aonaye haya, na aje kwetu baada ya mkutano wo wote wa Chama. Tutamwandikia bila malipo, na nakala moja itawekwa katika faili la Chama, ili siku ya shauri mtu asiseme tena kwamba hakuambiwa.