Mtoto Apimwe Masikio Mapema

Wazazi wa Kitui na Makueni, mtoto mchanga asiyesikia hulia na kunyonya kama wengine. Mlango ukibamizwa asishtuke, jamaa husema ni mpole. Anafika miaka 2 bila kusema neno, na muda wa kujifunza lugha umepotea.

Kipimo hakiumi. Mtoto akiwa amelala, kifaa kidogo huwekwa sikioni kwa dakika chache. Asipopita mara ya kwanza, msiogope. Huenda ni majimaji yaliyobaki sikioni. Mrudisheni apimwe tena.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na asaidiwe kabla ya miezi 6. Kama hajapimwa, mkienda chanjo ya wiki 6 muulizeni muuguzi atapimwa wapi.