Mguu wa Utingo ni wa Nani?

Wiki iliyopita sikuwa mjini. Nilikuwa Nyantakara, katika Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera, kule ambako msitu unaogusa Biharamulo na Ngara unafunga macho pande zote. Nilikwenda kwa shughuli ya msiba, si kwa kazi ya redio. Lakini katika nyumba ile ya msiba nilikaa jirani na kijana mmoja aliyekuwa amenyoosha mguu mmoja tu juu ya mkeka. Ule mwingine umeishia chini kidogo ya goti.

Jina lake nalihifadhi, na la tajiri wake vilevile. Alikuwa utingo wa lori. Ninyi mnaoishi Dar es Salaam mnayaona malori yale yakitoka bandarini. Sisi tuliowahi kuishi upande ule tunayaona yakifika Nyakanazi yamechoka, yakipita Lusahunga na Nyakahura kuitafuta Rusumo na mpaka wa Rwanda. Dereva ndiye anayeonekana. Utingo ndiye anayeshuka usiku kuweka jiwe nyuma ya tairi, anayekaza turubai mvua ikinyesha, anayelala chini ya tela kulinda mzigo wakati mwenzake amepanga chumba. Lori lilipinduka, mguu ukabanwa, madaktari wakaukata ili kuokoa roho. Tajiri alituma fedha mara mbili za matibabu, kisha simu yake ikawa haipokelewi.

Nikamuuliza: "Mwanangu, fidia umedai?"

Akanitazama kwa mshangao. "Mzee, mimi ni utingo. Dereva ndiye aliyeajiriwa."

Neno hilo halikunitoka kichwani safari nzima ya kurudi.

Nina sababu yangu. Mjomba wangu aliacha vidole vitatu katika kinu cha kuchambua pamba huko Usukuma, mimi nikiwa darasa la sita. Wakati ule tulikuwa na sheria ya fidia tuliyoachiwa na Mwingereza, na kwa sheria ile mzigo ulikuwa wa mwajiri mwenyewe. Mjomba alizungushwa karibu miaka miwili, leo njoo kesho, kesho faili halionekani. Alichopata mwishoni hakikutosha hata kulipa madeni ya nauli za kukifuatilia. Tangu hapo shamba lililimwa na shangazi na watoto. Dada yetu mmoja hakurudi shule muhula uliofuata, na hakuna aliyetangaza kwamba ameachishwa. Ilionekana tu kwamba jembe limepungukiwa mtu.

Sheria ile ilikaa mno. Viwango vyake vya juu vilifikia shilingi 83,000 kwa mfanyakazi aliyekufa kazini na shilingi 108,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, vikabaki hapo miaka nenda rudi huku shilingi yenyewe ikiporomoka. Fedha hiyo leo ni mifuko michache ya saruji. Maiti alikuwa na bei ndogo kuliko kilema, sijui kwa hesabu ya nani.

Bunge lilitunga sheria mpya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi Julai mwaka 2015. Nieleze kidogo, kwa sababu nimegundua hata mijini wengi wanauchanganya na mifuko ya pensheni. Pensheni mnachangia wawili, mfanyakazi na mwajiri. Mfuko huu anachangia mwajiri peke yake, na ni kosa kumkata mfanyakazi hata senti moja kwa ajili yake. Waajiri binafsi walianza na asilimia 1 ya mishahara wanayolipa. Ikapunguzwa kuwa 0.6 mwaka 2021, na 0.5 mwaka 2022, sawa na Serikali. Sasa chukua utingo anayelipwa shilingi laki mbili kwa mwezi. Mchango wake ni shilingi elfu moja. Tajiri mwenye malori amemkwepa mtu huyu kwa bei ya soda.

Na anayeumia anapata nini? Anatibiwa. Akishindwa kufanya kazi kwa muda analipwa asilimia 70 ya mshahara wake. Akibaki na ulemavu wa kudumu madaktari wanaupima: ukizidi asilimia 30 anapata pensheni ya kila mwezi maisha yake yote, usipozidi hulipwa kwa mkupuo. Yumo pia anayehitaji mtu wa kumhudumia kila siku, yumo anayehitaji mguu wa bandia au kujifunza kazi nyingine, na akifa kuna fedha ya mazishi na malipo kwa mjane na watoto. Si ajali tu. Hata ugonjwa unaotokana na kazi, kama ule wa mapafu unaowapata wapasua miamba, umo.

Wajerumani walikuwa na bima ya namna hii kwao tangu mwaka 1884. Boma lao limesimama hadi leo pale Biharamulo mjini, mawe kwa mawe. Sheria ile haikuvuka bahari pamoja na waliokuja kulijenga.

Lakini nirudi kwa kijana. Je, kweli utingo si mwajiriwa? Hapa ndipo matajiri wetu wanapojificha, na madereva, niseme bila kuogopa, wanawasaidia kujificha. Dereva anamchukua kijana kijiweni, anamlipa posho kutoka katika fedha ya safari, na tajiri anasema simjui. Anamjua. Lori halitembei bila mtu huyo, na fedha ya safari ni yake. Sheria ya taasisi za kazi ya mwaka 2004 haikuishia kuuliza mkataba wa karatasi uko wapi. Inauliza: nani anampangia namna ya kazi na saa zake? Je, yumo katika shughuli ya mwajiri? Anamtegemea nani kwa riziki? Anatumia vifaa vya nani? Ikionekana hivyo, anahesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka anayekataa athibitishe vinginevyo. Kijana wangu wa Nyantakara hana barua ya ajira. Ana vipi basi?

Nilimwomba anionyeshe simu yake. Simu ya vitufe, kioo kimepasuka. Tulikaa nje chini ya mwembe tukasoma ujumbe mmoja mmoja. Mle ndani, kabla ya ajali, tajiri amemtumia fedha yeye mwenyewe, si dereva, mara tatu, na jina kamili la tajiri limeandikwa na mtandao wa simu. Upo na ujumbe wa kumwuliza mzigo umefika mpaka gani. Mama yake alikuja kusimama nyuma yetu. Hajui kusoma, lakini alitaka nimsomee, na nilipomaliza akaniambia mbuzi watatu wamekwisha kwa nauli za hospitali na waliobaki ni wawili, basi tufanye haraka.

Haraka ipo kweli. Madai yanatakiwa yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na yeye ametumia tisa akiamini hana haki. Sitaki kumdanganya mtu: sijui kama atalipwa, kwa maana tajiri anaweza kukana na dereva anaweza kuogopa kusema. Kutoka kule hadi Bukoba kwa maofisa wa kazi ni safari ya siku nzima ukiweka na kusubiri gari, na mtu anasafiri kwa magongo. Mfuko unaotangazwa kwa mabango mjini ungefaa uonekane pia Nyakanazi, pale malori yanapoegesha, na uandikwe kwa herufi ambazo utingo anaweza kusoma akiwa juu ya tela.

Tulikwenda pamoja Nyakanazi siku iliyofuata. Tukapiga chapa ujumbe wote, tukatoa nakala za fomu ya polisi na vyeti vya hospitali, mbilimbili. Mwenye duka alikuwa utingo zamani. Aliuliza karatasi ni za nini, akaelezwa, kisha akatwambia tungoje. Akarudi na wenzake wawili wanaoijua ile lori na wako tayari kuandika majina yao.

Kwa leo naishia hapo.