Zimefichwa, Zimefutwa au Zimefungwa? Kuokoa Faili za Picha Baada ya Shambulio la Virusi

Mada kwa semina ya wapiga picha na wenye studio



Nianze na flashi moja. Mwenye studio aliichomeka kwenye kompyuta ya duka la steshenari ili achapishe picha chache za harusi. Alipoirudisha studio, kila folda ilikuwa imegeuka njia ya mkato. Fundi wa jirani akamwambia, "Hii imeliwa na virusi, tuifomati." Wakaifomati. Kisha wakanakili nyimbo humo ili kuona kama imepona. Flashi ilipona kweli. Ila picha zilizokuwa pale nyimbo zilipokaa hazikuonekana tena, na bwana harusi alikuwa ameshalipa.

Hoja yangu leo ni moja. Mara nyingi kirusi hakiui picha. Sisi ndio tunaozimaliza, katika saa ile ya kwanza ya taharuki. Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa, tujiulize: picha zimefichwa, zimefutwa, au zimefungwa?

Tofauti hii si mpya. Tarehe 4 Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilisambaa duniani kwa barua pepe kutoka Ufilipino. Kikiingia kwenye kompyuta, faili za MP3 kilizificha tu. Faili za JPG kilizifuta na mahali pake kikaweka nakala zake chenyewe. Nyimbo zilirudi kwa urahisi, lakini mwenye picha ambaye hakuwa na nakala kando alibaki na kilio.

1. Picha zilizofichwa

Hili ndilo tatizo la kila siku kwetu, kwa sababu flashi ya mteja inapita steshenari, ofisini na nyumbani kabla ya kufika studio. Kirusi cha njia ya mkato hakigusi picha hata moja. Kinaipa folda alama mbili, ya kufichwa na ya faili za mfumo, na Windows ikiziona haionyeshi folda hiyo. Kisha kinaweka njia ya mkato yenye jina lilelile. Ukiibofya, kirusi kinajiendesha kwanza, ndipo kinakufungulia folda halisi ili usishtuke.

Kwa nini kinakusubiri ubofye? Zamani kirusi cha flashi kilijiendesha mara tu ulipoichomeka. Windows 7 ya mwaka 2009 iliziba mlango huo, na Februari 2011 Microsoft ikaziba pia kwenye Windows zilizotangulia. Tangu hapo kirusi kwa kawaida kinahitaji msaada wa kidole chako.

Kipimo chake ni rahisi. Njia ya mkato ina kilobaiti moja au mbili. Tazama nafasi iliyotumika kwenye flashi: kama gigabaiti 14 kati ya 16 bado zimejaa, mzigo haujaondoka, umefunikwa tu. Safisha kwanza kompyuta kwa programu ya kuua virusi, la sivyo utafichua na kirusi kitaficha tena. Halafu fungua dirisha la amri, cmd, na kama flashi inasomeka kwa herufi F, andika:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Folda zitaibuka. Wakati mwingine picha zote zimesukumwa ndani ya folda isiyo na jina, basi angalia na humo. Nakili picha peke yake, na usichukue faili ngeni zenye mkia wa .lnk, .vbs au .exe. Baada ya hapo, fomati ukitaka.

2. Picha zilizofutwa

Kufuta faili kwenye flashi au kadi ya kamera ni kama kung'oa kibao cha namba ya nyumba. Nyumba bado ipo, ila kiwanja kimetangazwa kuwa wazi, na atakayekuja kwanza atajenga juu yake. Kufomati kwa haraka ni kung'oa vibao vyote kwa mpigo. Kufomati kikamilifu ni jambo jingine: tangu Windows Vista, huko ni kumwaga sifuri juu ya kila kitu. Usikufanye kabla ya kuokoa.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kutoandika chochote. Chomoa flashi. Kama ni kadi ya kamera, usipige hata picha moja ya majaribio. Kisha tumia programu ya kuokoa, kama PhotoRec ya Christophe Grenier, ambayo ni ya bure. Haitegemei orodha ya majina. Inapekua diski nzima ikitafuta alama ambazo kila JPG huanza nazo: FF D8 FF. Picha zinazookolewa zihifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye ileile.

Majina ya awali hayarudi, na picha iliyokuwa imetawanyika vipande huenda ikarudi nusu. Katika flashi niliyoanza nayo, tulipata picha ya bibi harusi iliyokuwa nzima hadi mabegani. Kuanzia hapo ilikuwa kijivu tupu. Tujue pia kwamba diski za SSD kwa kawaida huondoa zenyewe data iliyofutwa, hivyo huko matumaini ni madogo zaidi.

3. Picha zilizofungwa

Hapa kirusi kinazifunga picha kwa msimbo wa siri ili mwenyewe adaiwe pesa: jina la faili linaongezewa mkia mgeni, na karatasi ya madai inaachwa kwenye folda. Kundi la virusi la STOP, au Djvu, limewaumiza sana watu binafsi na biashara ndogo, kwa kuwa huingia pamoja na programu za kulipia zilizovunjwa kufuli. Tuambiane ukweli: ni studio ngapi kati yetu zinahariri kwa programu ya namna hiyo? Madai ya wenye virusi hivyo yalikuwa dola 980, au 490 ukilipa ndani ya saa 72.

Usilipe kwa pupa, na usifute faili zilizofungwa. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta, hutoa funguo za bure kwa baadhi ya virusi. Oktoba 2019, kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungulia matoleo 148 ya STOP. Ufunguo usiokuwepo leo unaweza kupatikana baadaye. Tena STOP hufunga kilobaiti 150 za mwanzo tu za faili, ili kimalize kazi upesi. Ndiyo maana video ndefu ya harusi mara nyingi hutengenezeka. JPG nayo huenda ikarudi ikiwa imepoteza sehemu yake ya juu, kwa kuazima kichwa cha faili nyingine iliyopigwa na kamera ileile.

4. Mapendekezo

Kwanza, kila studio iwe na nakala tatu za kazi, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae nje ya studio. Kanuni hii ilipewa umaarufu na mpiga picha mwenzetu wa Marekani, Peter Krogh. Diski ya akiba ichomolewe kazi ikiisha, kwani iliyobaki imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta.

Pili, flashi ya mteja isifunguliwe kwenye kompyuta ya uhariri. Kadi ya SD isukumwe kitufe chake cha pembeni upande wa kufunga kabla ya kuingia kwenye kompyuta ya mtu.

Tatu, fundi asiruhusiwe kufomati wala kupiga Windows upya kabla hajajibu swali letu: zimefichwa, zimefutwa, au zimefungwa? Asiyeweza kulijibu, mshukuru kwa heshima, kisha chukua flashi yako uondoke.

Maswali ya kujadili

1. Mkataba wako na mteja unasemaje kazi yake ikipotea?
2. Ukirudi studio leo, ni kazi ipi ambayo ina nakala moja tu?