DHAMANA YA NYUMBA: TUHESABU KABLA YA KUTIA SAHIHI

(Hotuba ya Mweka Hazina wa Tawi katika mkutano wa wanachama. Imechapwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Wengi wenu mmekwisha kumwona yule ajenti aliyepita katika nyumba zetu na mkoba wa karatasi. Anasema ukilipa shilingi 800 kila mwezi, kampuni yake italeta fundi kila mara mfereji au stima au choo cha nyumba yako kikiharibika. Tena ameiandikia Kamati akiomba tawi likubali fedha hizo zikatwe katika mshahara. Jambo hili litapigiwa kura Jumapili ijayo. Kamati imeniagiza niwaeleze hesabu yake, ili mtu asije akainua mkono kwa kitu asichokijua.

Mpango wa namna hii si mpya duniani. Nchini Marekani umekuwako tangu miaka ya 1970, nao huitwa dhamana ya nyumba, au waranti. Na kwa kuwa watoto wetu wengine wanafanya kazi huko na wamenunua nyumba, tunaweza kujifunza kwao.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya.

Cha kwanza ni bima ya nyumba. Hiyo ni ya moto, wizi na ajali kama hizo. Cha pili ni dhamana ya mjenzi: aliyekujengea au kukuuzia nyumba mpya huahidi kurekebisha makosa ya kazi yake kwa muda fulani. Cha tatu ndicho hiki cha ajenti: mkataba wa kutengeneza vitu vinavyochakaa kwa kutumiwa, kama mabomba, nyaya za stima, hita ya maji na friji. Mwenye hiki cha tatu nyumba ikiungua hapati kitu. Mwenye bima naye, friji ikizeeka, hapati kitu.

Sasa gharama. Bei anayoitaja ajenti ni mlango tu. Ndani mna vyumba vingine. Huko Marekani mtu hulipa ada ya mwaka, na mara nyingi ni dola mia kadhaa. Kisha kila fundi anapoitwa, mwenye nyumba hulipa tena ada ya kuitwa, ambayo kwa kawaida haipungui dola 75 na mara nyingi hupita 100. Ada hiyo hulipwa hata kama fundi atatazama na kusema, "Hili halimo katika mkataba."

Tena kuna kiwango cha juu. Kampuni husema: kwa kitu hiki tutalipa mpaka hapa, zaidi ya hapo ni juu yako. Kuna muda wa kungoja, kwa kawaida siku 30 tangu kulipa, kabla hujaruhusiwa kuomba lolote. Na kuna orodha ndefu ya vitu vilivyotolewa: kitu kilichokuwa kibovu kabla ya mkataba, kitu kisichotunzwa, na mara nyingi paa linalovuja, isipokuwa umeongeza fedha. Fundi huchaguliwa na kampuni, si na wewe. Na ni kampuni inayoamua kama kitu kitatengenezwa au kitabadilishwa.

Binti wa mwanachama mmoja wa tawi hili anakaa Marekani. Baba yake amenipa ruhusa kusema hesabu yake bila jina. Alilipa dola 60 kwa mwezi, yaani 720 kwa mwaka. Aliita fundi mara tatu, kila mara dola 100, ndiyo 300. Jumla 1,020. Mara ya kwanza mfereji ulitengenezwa, kazi ambayo fundi wa mtaani angeifanya kwa 150. Mara ya pili friji ilitengenezwa, kazi ya 350. Mara ya tatu hita ya maji ilikufa. Kampuni ikamwuliza, ziko wapi risiti za kuonyesha kwamba ilisafishwa kila mwaka? Hakuwa nazo. Ombi likakataliwa, naye akanunua hita kwa fedha zake mwenyewe. Basi alitoa dola 1,020 akapata kazi ya dola 500.

Sisemi mpango huu ni wizi. Mtu aliyenunua nyumba yenye mashini kuukuu, asiye na akiba, akapata kampuni inayotimiza neno lake, kitu kimoja kikubwa kikifa mwaka huo anaweza kupata faida. Lakini kampuni haiwezi kuishi ikiwa inatoa zaidi ya inachopokea. Mishahara ya makarani, matangazo na malipo ya ajenti, yote hutoka katika ada zetu. Kwa hiyo wanachama wakitazamwa wote pamoja, ni lazima walipe zaidi ya kazi wanayofanyiwa.

Sasa turudi nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nina daftari, na hii ndiyo hesabu yangu ya matengenezo ya mwaka uliopita. Koki ya mfereji 650, na fundi wake 500. Soketi mbili za stima pamoja na fundi 1,200. Kutengeneza choo 1,800. Kufuli la mlango 1,450. Jumla shilingi 5,600.

Kama ningekuwa katika mpango wa ajenti, ningelipa 800 mara 12, ndiyo 9,600. Karatasi yake, katika ukurasa wa nne wenye herufi ndogo, inasema kila fundi akiitwa ni shilingi 1,000. Mara tatu, 3,000. Kufuli halimo katika orodha yake, ningelinunua mwenyewe kwa 1,450. Jumla 14,050. Ningepoteza shilingi 8,450, na hizo ni karo ya mtoto.

Lakini kama kila mwezi ningeweka zile 800 katika chama chetu cha akiba na mikopo, baada ya matengenezo yote ningebaki na shilingi 4,000, na zingekuwa zangu.

Ndugu, yako mambo mengine matatu ya kukumbuka.

La kwanza, usilipie kazi iliyo juu ya mtu mwingine. Aliyenunua nyumba mpya asome mkataba wake: kwa desturi mjenzi hubaki na wajibu wa kurekebisha makosa yake kwa miezi 6 au 12. Andika makosa yote, umpelekee kwa barua, ubaki na nakala. Aliyepanga amwendee mwenye nyumba kwanza. Na anayekaa katika nyumba ya mwajiri akumbuke kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kutoa nyumba ya kufaa, au posho ya nyumba. Bomba likipasuka huko, mlete malalamiko chamani, msilete shilingi 800.

La pili, mshahara. Sheria hiyo hiyo inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Wako wanachama hapa ambao mikopo imekwisha kuwafikisha karibu na mpaka huo. Kato likiingia katika karatasi ya mshahara ni rahisi. Kulitoa ni kazi.

La tatu, anayetaka kutia sahihi kwa hiari yake asikatazwe, lakini aulize kwanza: Kila mwito ni kiasi gani? Mwisho wa malipo kwa kitu kimoja ni kiasi gani? Nini hakimo? Nangoja siku ngapi? Nikitaka kutoka nitalipa nini, na je, mkataba hujirudia wenyewe mwaka ukiisha? Majibu yawe kwa maandishi. Neno la mlangoni halina risiti.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, lakini hawakusema umlipe mtu kila mwezi aje kuutazama ufa. Zibeni nyufa mapema, wekeni akiba, na tunzeni risiti.

Shauri la Kamati ni kwamba tawi lisikubali makato haya. Lakini neno la mwisho ni lenu. Njooni Jumapili, kila mmoja na hesabu ya nyumba yake mkononi, tupige kura tukiwa tumefumbua macho.