Wasia si Uchuro

(Mawaidha kwa vijana wa Kiislamu, Shirere, Kakamega)



Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, mwezi huu mtukufu tunawaombea wagonjwa wetu shifaa. Leo tuzungumze juu ya mgonjwa ambaye daktari ameshasema kansa imeenea mwilini na dawa haitaiondoa. Majumbani mwetu mtu huyu mara nyingi hufichwa. Watu wananong'ona sebuleni, wakiingia chumbani wanamwambia utapona tu inshaallah. Akitaja wasia anakemewa asilete uchuro. Mimi nasema hivi: kumuombea shifaa ni ibada, lakini kumnyima nafasi ya kupanga mambo yake ni kumdhulumu.

Tumtizame Sayyidna Umar (RA). Mwaka wa 23 Hijria alichomwa kisu katika swala ya alfajiri. Akanyweshwa maziwa, yakatokea kwenye jeraha, watu wakajua haponi. Je, alifichwa? Hapana. Alimwambia mwanawe Abdullah ahesabu madeni yake, yakafika kama 86,000, na akaeleza yalipwe vipi. Akamtuma kwa Bibi Aisha (RA) aombe ruhusa azikwe karibu na Mtume (SAW). Akataja watu sita washauriane juu ya uongozi. Yote hayo na jeraha linavuja. Mgonjwa wetu pengine ana miezi.

Basi apange nini? Kwanza, madeni na amana. Suratun Nisaa aya ya 11 inatufunza kuwa mirathi hugawanywa baada ya kutekelezwa wasia na kulipwa deni. Deni la dukani, pesa za chama, mahari ambayo hajamaliza, vyote viandikwe mbele ya mashahidi wawili.

Pili, wasia wenyewe. Mtume (SAW) alitufunza kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Saad bin Abi Waqqas (RA) alipougua akataka kutoa sehemu kubwa ya mali yake. Akaruhusiwa thuluthi tu, na akaambiwa hata hiyo ni nyingi. Tena mrithi hausiwi, manake fungu lake lipo tayari. Hapa ndipo sisi watu wa Kakamega tuamke. Wengi wetu tuna mama au ndugu ambaye si Muislamu. Katika mirathi hana fungu, lakini ndani ya ile thuluthi unaweza kumuachia kitu. Usipoandika, mama aliyekulea atatoka mikono mitupu.

Sheria ya nchi haikuzuii. Tangu 1990 sheria ya urithi ya Kenya inawaacha Waislamu wafuate sheria yao, na kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinazipa mahakama za Kadhi mambo ya mirathi baina ya Waislamu. Kadhi yuko hapa hapa Kakamega. Tumuendee kabla ya msiba.

Tatu, mazishi. Wakili S.M. Otieno hakuwa Muislamu wala hakufa kwa kansa, lakini kesi yake ni funzo. Alifariki Disemba 1986. Mjane wake Wambui na ukoo wa Umira Kager wakagombania maiti mahakamani, kila upande ukidai marehemu alisema hivi na vile. Akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987. Miezi mitano! Sasa fikiria sisi ambao dini yetu inataka maiti asicheleweshwe, na jamaa zetu wengine wanataka akae mochari mpaka Jumamosi. Mgonjwa mwenyewe aseme mbele ya pande zote nani atamuosha na azikwe wapi.

Nne, maumivu. Wapo wanaodhani mofini ni ulevi wa haramu. Dawa inayotolewa na daktari kwa dharura ya maumivu makali si ulevi, na wanazuoni wameiruhusu. Nairobi Hospice imehudumia wagonjwa kama hawa tangu 1990, na jirani zetu wa Uganda tangu 1993 wanatumia mofini ya maji ya kunywa, mgonjwa akabaki nyumbani kwake. Aliyepunguziwa maumivu ataweza kuswali na kuagana na watu. Akishindwa kusimama aswali amekaa, akishindwa aswali kwa ubavu. Na asiyetarajiwa kupona asilazimishwe kufunga. Kila siku alishe masikini mmoja.

Vijana wenzangu, kazi hii ni yetu tuliosoma. Keti na mzee wako taratibu, kalamu iwe karibu, umuulize: "Baba, kuna jambo ungependa tukushikie?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, na uliyemkadiria kuondoka mjaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.