Nyumba ya Magurudumu

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Kaeni kitako, fungueni madaftari yenu, na kalamu ziwe tayari. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: MAKAO.

Makao ni mahali mtu anapokaa. Wengi wetu tukisikia neno hilo twafikiri ukuta wa matofali, paa la bati na kiwanja. Leo tutazungumza juu ya makao yasiyo na kiwanja. Ni basi kuukuu lililotolewa viti, likatiwa vitanda, meza na kabati, likawa nyumba ya jamaa nzima.

Ninyi mkaao kando ya barabara kuu ya Iringa na Mbeya pengine mmeyaona magari ya namna hii. Wasafiri wa nchi za mbali hupita nayo wakienda Zambia au wakitoka huko. Wengine hupumzika Kisolanza, si mbali na mji wa Iringa. Kisha hupita Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala mpaka Mbeya. Safari hiyo ni kadiri ya kilometa 330. Dirishani huonekana pazia, na nyuma ya pazia mtoto anachungulia. Watu huulizana, "Je, hawa hawana kwao?" Wanayo nyumba, ila wanakwenda nayo.

Yako majina yanayojulikana. Bwana Herman Zapp na mkewe Candelaria, watu wa Argentina, waliondoka kwao mwezi wa Januari 2000. Gari lao halikuwa basi. Lilikuwa motokaa ya mwaka 1928, aina ya Graham-Paige. Walidhani watasafiri miezi michache tu. Walimaliza safari mwezi wa Machi 2022, baada ya miaka 22 na kilometa 362,000 hivi. Waliondoka wakiwa wawili; waliporudi walikuwa sita, kwa maana walizaa watoto wanne katika miaka hiyo. Kila mtoto alizaliwa katika nchi yake: Marekani, Argentina, Kanada na Australia.

Sasa tuulize: jamaa huishije mahali padogo namna hiyo bila kugombana?

Tufanye hesabu. Tuseme basi lina urefu wa meta 10 na upana wa meta 2 kwa ndani. Kumi mara mbili ni meta za mraba 20. Humo wamo baba, mama na watoto wawili, pamoja na sufuria, nguo na vitabu. Kila mtu ana meta za mraba 5. Ndani ya basi hakuna chumba cha kwenda kununia. Kwa hiyo hapana budi wapatane kabla ya kuondoka. Nani atateka maji? Nani atafunga sufuria zisianguke gari likienda? Nani atashika fedha za mafuta, na nani ataandika matumizi? Kazi isiyo na mwenyewe huzaa ugomvi, na ugomvi ndani ya basi husafiri pamoja nanyi.

Jambo la pili ni maji. Watu wanaohudumia kambi za wakimbizi hutumia kipimo hiki cha chini: lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Watu wanne wahitaji lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20. Maji ya kunywa yawe na dumu lake, lenye kifuniko, wala lisitiwe kitu kingine.

Jambo la tatu ni masomo. Hapa Tanzania Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya elimu ya msingi kuwa ya lazima. Gurudumu kuzunguka si sababu ya mtoto kukosa kusoma. Watoto wa Zapp walisoma kwa njia ya masomo ya mbali, na mama yao akawasaidia. Mzazi ajuaye kusoma aweza kumsikiliza mtoto wake akisoma, hata kama darasa ni ngazi ya basi.

Jambo la nne ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa mtu akikosea hapa hapati nafasi ya kujirekebisha. Ni moto.

Iringa na Mbeya ni miji ya juu, yote imepita meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mnaijua baridi ya Juni na Julai. Mtu akiwa ndani ya basi usiku atatamani kuingiza jiko la mkaa, afunge madirisha, alale. Asifanye hivyo hata mara moja. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, mwili hulegea, kisha usingizi humchukua. Msidanganyike mkaa ukiwa mwekundu bila moshi. Sumu ipo vilevile. Moshi wa injini nao una sumu hiyo. Ukivuja ndani ya gari, hatari ni ile ile.

Jambo hili si la wenye mabasi tu. Nilipomaliza masomo ya chuo kikuu nilipanga chumba kimoja Mbeya pamoja na rafiki yangu. Usiku mmoja wa Julai tuliingiza jiko, tukaziba hata ufa wa chini ya mlango. Niliamka kichwa kikipasuka, nikajaribu kusimama, nikaanguka. Jirani yetu alikuwa ameamka mapema kukanda unga wa maandazi. Alisikia kishindo, akasukuma mlango, akatuburuta nje mmoja mmoja. Rafiki yangu alilazwa hospitali siku mbili. Stashahada yangu ilikuwa imetundikwa ukutani, juu ya lile jiko.

Kwa hiyo andikeni kanuni hizi:

1. Jiko la mkaa hupikiwa nje, na hubaki nje.
2. Kwa baridi, ongeza blanketi, usiongeze moto.
3. Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka kwenye hewa safi, kisha mpeleke hospitali.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Basi dogo lenye utaratibu laweza kuwa nyumba njema. Nyumba kubwa ya matofali yenye jiko chumbani yaweza kuwa kaburi.

Maswali ya mazungumzo

1. Jamaa ya watu sita itahitaji lita ngapi za maji kwa siku?
2. Kwa nini hatuwezi kuitambua hewa ya sumu ya mkaa kwa pua?
3. Nyumbani kwako jiko hulala wapi? Ukirudi leo, utamwambia nani kanuni ya kwanza?

Msomeeni jirani asiyejua kusoma kanuni hizo tatu. Kwaherini.