Skrini ya Herufi Elfu Mbili
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya kompyuta, kwa kuwa wanafunzi wamepata klabu yao. Kompyuta ni bahari. Mimi nimekuja na kidau kimoja tu. Nitasema juu ya programu zilizotumika zamani kuchora skrini za maandishi katika kompyuta ndogo za kwanza. Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hata zilipoanza kuonekana maofisini, zilikuwa kitu cha kufunikwa kitambaa jioni. Mimi nilizikuta skrini hizo zikielekea kustaafu, chuo kikuu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulipokuwa tungali tukifundishwa Turbo Pascal. Nina sababu ya kuzirudia, na sababu hiyo iko kwenye madirisha ya ofisi zetu, pale mwananchi anaposimama kungoja huduma.

Kwanza tuielewe skrini yenyewe. Kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake ndogo, iliyoitwa PC, mwezi Agosti 1981. Skrini yake ya maandishi ilikuwa na mistari 25, na kila mstari una nafasi 80. Hiyo 80 haikuanzia hapo. Ndiyo idadi ya safu zilizokuwa katika kadi za kutobolewa za IBM tangu 1928. Zidisheni, mtapata nafasi 2,000. Kila nafasi ilichukua baiti mbili za kumbukumbu, moja ya herufi na nyingine ya rangi, hivyo skrini nzima ilikuwa baiti 4,000. Rangi nayo ilikuwa namba tu: 7 ni maandishi ya kijivu juu ya weusi, 31 ni meupe juu ya buluu, 112 ni meusi juu ya kijivu. Ukiongeza 128, maandishi yanapepesa, na ofisi nzima inaumwa macho.

Alama za kutumia zilikuwa 256. Baadhi yake hazikuwa herufi hata kidogo, bali vipande vya mistari: pembe, viungio, mstari mmoja na mistari pacha. Kwa vipande hivyo fundi aliunga kisanduku kama seremala aungavyo fremu ya dirisha. Ulishikilia kitufe cha Alt, ukabonyeza 201 kwenye vitufe vya namba vilivyo kulia, ikatokea pembe ya juu kushoto. 205 ikakupa mistari pacha ya kulala, na 187 ikafunga pembe ya pili. Seremala mzuri alijulikana kwa viungio vyake.

Taabu ilikuwa katika kuipanga skrini hiyo kwa amri za programu. Kila neno lilitajiwa mahali pake. Katika BASIC amri ilikuwa LOCATE, nawe hutaja mstari kwanza, kisha safu. Katika Turbo Pascal ilikuwa GotoXY, nawe hutaja safu kwanza, kisha mstari. Aliyehama kutoka lugha moja kwenda nyingine alishangaa kuona maneno yake yametawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Fomu moja ya kawaida ilimeza makumi ya amri. Ukitaka kulisogeza neno "Wilaya" nafasi tatu tu, ilikubidi uhesabu upya na vyote vilivyolifuata. Matokeo yake mafundi wengi hawakusogeza. Skrini ikiwa ghali kubadilisha, itabaki ilivyozaliwa, na atakayeumia si aliyeizaa.

Programu za kuchora skrini zililikata fundo hilo. Moja ni TheDraw, ya Ian E. Davis, iliyotoka mwaka 1986. Ulichora papo hapo kwenye skrini, ukitembea kwa vitufe vya mishale. Ukitaka kuhamisha sehemu, uliizungushia mipaka, ukaibeba, ukaitua pengine. Ukiridhika, programu ilikuhifadhia mchoro kwa namna uliyotaka, iwe ya kuingizwa katika Pascal au C, au faili ambalo BASIC hulitupa zima katika kumbukumbu ya skrini kwa amri moja ya BLOAD. Watu wengi waliipenda kwa mapambo, majina makubwa ya rangi na mengineyo. Siwacheki, ila hayo siyo yaliyonileta.

Iliyonileta ni ya mwaka mmoja kabla yake, Dan Bricklin's Demo Program ya 1985. Huyu Bricklin ndiye aliyebuni VisiCalc pamoja na Bob Frankston, lile jedwali la hesabu la 1979 lililowafanya wahasibu wazitamani kompyuta ndogo. Katika programu yake hii ya pili ulichora skrini moja, ukachora ya pili na ya tatu, kisha ukaeleza ni kitufe gani kinachotoka hii kwenda ile. Nyuma yake hapakuwa na hesabu wala kabati la kumbukumbu. Lakini karani akikaa mbele yake na kubonyeza, aliona kazi yake inavyopita, naye akaweza kusema "hapa sivyo" kabla programu yenyewe haijaandikwa.

Ndugu zangu, dakika hizo za karani zina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, jina lake litulie, ilipokea mfumo mpya wa kuandikisha wastaafu. Skrini zake zilikuwa za kisasa, zenye picha na rangi laini. Lakini zilidai majina mawili, na watu wetu wana matatu. Zilidai siku na mwezi wa kuzaliwa, na wazee kadhaa wanajua mwaka tu. Mama mmoja aliyekuwa karani pale alifanya alivyoweza: jina la kati akalibandika kwenye la kwanza, na wasiojua tarehe akawaandika Januari mosi. Mzee mmoja mwalimu mstaafu hati zake zikawa hazilingani, na malipo yake yakasimama miezi minne. Alikuwa akija kila Jumatatu na bahasha ileile. Aliyelaumiwa ni karani. Mama huyo alikuwa na miaka 19 kwenye dirisha lile, na hakuna aliyewahi kumwonyesha skrini hata moja kabla mfumo haujafika.

Mtu ataniambia kwamba siku hizi kuchora skrini ni rahisi kuliko zamani. Ni kweli, na ndiyo maana sioni udhuru. Mwingine ataniambia skrini ya mfano huwadanganya wakubwa. Nalo ni kweli: mkubwa akiiona inapita vizuri, huuliza itaanza kutumika Jumatatu ipi, wakati nyuma yake hamna kitu. Katika hilo skrini ya herufi ilikuwa na heri yake. Haikuwa na urembo wa kumlewesha mtu, na nafasi zake 2,000 zilimlazimisha fundi aulize ni kipi karani anakihitaji kweli na kipi ni mzigo.

Wanafunzi wa klabu, nina kazi kwa ajili yenu. Maktaba ya shule bado inaazimisha vitabu kwa daftari. Msianze kwa kuandika programu. Chukueni karatasi ya vijisanduku, mistari 25 kwa nafasi 80, mchore skrini ya kuazima na skrini ya kurudisha. Kisha mkalisheni Mkutubi mbele ya karatasi, aguse kwa kidole kana kwamba anabonyeza, nanyi mnyamaze. Kidole kikisita, wekeni alama. Anayetaka kuionja ladha ya zamani, kuna programu ya bure iitwayo DOSBox, inayoendesha programu za kompyuta zile katika mashine za leo, TheDraw ikiwamo.

Karatasi za vijisanduku nimekuja nazo nakala 40. Ziko pale mezani kwa Katibu, karibu na birika la chai.